Kiingilio Jiwe Moja

Alasiri ya Jumamosi sokoni Kathiani, Kalunde Ndeti amesimama kando ya televisheni, fimbo mkononi, akipaaza sauti kuishinda jenereta. Kwenye kioo dunia imekwisha kuteketea, na waliosalia wanahangaika jangwani kutafuta maji.

"Huyu anawaambia wenzake, tusipojenga ukuta hapa mtoni tutakufa sote," anawatafsiria watazamaji. Kiingereza cha sinema humpita kasi, hivyo nusu anatafsiri na nusu anajitungia.

Mara tu manusura wanapoanza kubeba mawe, anazima. Mabenchi yote yananung'unika.

"Mwisho wa hii mtauonea mtoni," anasema. "Mmenichosha."

Na kweli wamemchosha. Mvua kubwa za 1997 zilibomoa ukuta wa mawe uliozuia mchanga na maji mtoni kwao, ukuta ambao mama zao waliujenga kwa mwethya, ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba ya Wakamba hutoa mikono. Miaka minne sasa wanawake wanafuata maji mbali. Siku ya zamu yake ya maji, Kalunde hufungua ukumbi wa video jua likiwa limeshapinduka, na pato lenyewe ni la kubahatisha.

Kanda za dunia iliyokwisha ndizo wateja wake wanazozipenda, naye anazipenda kwa sababu mwishoni watu hukusanyika wakaanza upya.

"Wanaona wale wakijenga, wanatoa machozi," anasema huku akipangusa vumbi kwenye deki. "Nawaambia hata sisi tuko na ukuta wetu. Wananiuliza nani ataleta mahindi ya msaada ya kulipa wafanyakazi. Haya, wale wa kwenye kanda waliletewa mahindi na nani?"

Mzee Nzioka, mteja wake wa benchi la mbele, alimjibu kwamba pengine sehemu hiyo ilikatwa.

Mwezi jana Kalunde akaacha kutoza shilingi kumi. Kiingilio kikawa jiwe moja la kujengea. Watu walimiminika, lundo likapanda hadi dirishani, naye moyo ukamtulia, mpaka aliposhuka mtoni. Kipande cha ukuta kilichokuwa kimesalia hakikuwepo. Wateja walikuwa wamekibomoa jiwe kwa jiwe, maana ndiyo mawe yaliyokuwa karibu.

"Niliketi hapo kwa mchanga, sijui nilie ama nicheke," anasema. "Nzioka ananiambia, Mama Kavata, ulisema jiwe, hukusema la kutoka wapi."

Mvua za Novemba zinakaribia. Zikikuta mto wazi, maji yatapita tena na kiangazi kitawakuta palepale. Ndiyo sababu leo amezima.

Ukumbini bado wananung'unika. Halafu Mzee Nzioka anainuka, anaguna, anachagua jiwe kwenye lundo na kulitia begani.

"Na mahindi je?" mtu anamuuliza.

"Hiyo sehemu imekatwa," anajibu, na kutoka.

Mmoja anamfuata, kisha benchi zima. Kalunde anawatazama kwa jicho la mtu aliyekwisha kudanganywa mara nyingi.

"Ukuta ukifika kiunoni, nitapeleka televisheni na jenereta huko mtoni tumalizie," anasema, akiinama kuchukua jiwe lake. "Na wajue hata mimi huo mwisho sijauona."