Vile Mtaona

Baba yangu, Mzee Abner Ogeto, alikuwa akibana mkojo kila asubuhi mpaka mke wa mwanawe atoke kwenda kazini. Naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, na mpaka leo haijaisha. Mzee wa miaka themanini hivi, mwenye boma lake na majani chai yake kule Nyaramba, ameketi kwenye kochi la mjini Kisii, amevaa koti na kofia kama mtu anayesubiri gari, magoti yameshikana, anatega sikio asikie mlango ukifungwa.

Anayemjua baba atauliza kama ni yeye kweli. Baba hakuwa mtu wa kuuliza uliza. Majirani walipokuwa bado wanang'ang'ania pareto, yeye aling'oa yake yote akapanda chai, na mama aliponuna, alinuna peke yake. Akifika soko la ng'ombe anamzunguka mnyama mara moja, anamshika mkia, basi, amenunua ama ameenda zake. Hata choo cha nyumbani alikichimba mwenyewe mahali alipotaka yeye, nyuma ya migomba, watu wakimwambia huko ni mbali, na mvua ya miaka yote hiyo haijakibomoa. Akisema hapana, hata mchungaji wetu wa kanisa la Sabato alikuwa anafunga Biblia na kwenda zake.

Mama alipofariki alipoa kidogo. Halafu mvua za mwaka jana akateleza na kikapu cha majani akielekea kituo cha kuuzia, akavunjika mguu. Mguu ulipona. Kilichokuja kumvunja ni mkutano.

Mimi sikuitwa. Mimi ni Kemuma, binti yake wa pekee, lakini niliolewa Marani, na kwetu msichana akishaolewa, mambo ya boma anayasikia kama wageni wanavyoyasikia. Walikaa wanne sebuleni kwa baba: kaka yangu mkubwa Mogire, ambaye ni karani katika duka la vifaa vya ujenzi mjini, mkewe Purity, kaka yangu mdogo Ogoti, ambaye nyumba yake inatazamana na ya baba, na baba mwenyewe. Ogoti, kwa kutafuta tu la kusema, akasema ile miteremko si mizuri kwa mzee. Mogire akasema basi anaweza kukaa kwake mjini. Purity akaulizwa, akasema vile mtaona. Ogoti akasema vile mtaona. Baba akasema vile mtaona. Wakaomba, wakanywa chai, na kesho yake mzee akapakiwa kwenye gari pamoja na godoro lake.

Sasa yeyote aliyezaliwa huku kwetu anajua kwamba hilo jambo halifanyiki hivyo. Baba halali chini ya paa moja na mke wa mwanawe. Kuna heshima kati yao, tunaiita chinsoni, na ndani yake kuna aibu: hawataniani, hawaonani wakiwa wamejifunga taulo, mmoja hakanyagi mahali mwingine anapolala. Nyumbani, kila mtu akiwa na mlango wake, hilo halimsumbui mtu. Lakini kwa Mogire ni ploti, vyumba vya kupanga, orofa ya tatu karibu na Daraja Mbili, choo na bafu ni kitu kimoja, na mlango wake unatazamana na kochi. Watu wanne wazima waliijua desturi hiyo tangu utotoni, na wote wanne wakasema sawa.

Mimi nauza ndizi pale Daraja Mbili, kwa hivyo najua watu wanavyoamua. Mteja mmoja akisimama kwangu, wa pili anakuja, na wa tatu, na hakuna aliyezitazama ndizi. Wametazamana wao kwa wao. Jirani yangu Syprose ana ndizi nzuri kuliko zangu na siku hiyo anashinda akipiga miayo. Kwa ndizi nacheka, hiyo ni riziki. Kwa baba yangu sicheki.

Niligundua siku nilipomaliza kuuza mapema nikapanda kumsalimia. Thamosi ya chai ilikuwa mezani, haijaguswa. Huyu ni mtu aliyekuwa anakunywa chai mpaka mama anaficha sukari. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka. Nikamuuliza, akasema hana kiu. Nikamkokota mpaka zahanati, na daktari akasema mzee hanywi maji, ana maambukizi kwenye mkojo, na figo zimeanza kulalamika; akiendelea hivyo tutampoteza. Tukiwa njiani kurudi ndipo akaniambia, akitazama kando, kwamba akinywa itabidi aingie mle chooni, na mama wa watu yumo ndani ya nyumba.

Roho ilinichemka. Nikaenda moja kwa moja kwenye duka la dawa za mifugo anakouza Purity, nikiwa tayari kumpasulia. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaanza kulia kwa hasira iliyozidi yangu. Kumbe yeye huamka usiku wa manane aoge kabla mzee hajaamka, na chakula anakula amesimama jikoni. Alidhani Mogire ndiye anayetaka. Nikamshika Mogire, ambaye siku hizo alikuwa anachelewa kurudi nyumbani kwa makusudi. Alidhani Ogoti amemchoka mzee, ndiyo maana akataja miteremko. Yeye alijitolea akitumaini watamkatalia. Nikampigia Ogoti simu. Ati angemkataliaje kaka mkubwa anayetaka kumtunza baba yake? Akaniambia kila jioni anaitazama ile nyumba ikiwa na giza na chakula hakishuki.

Haki ya Mungu, nilitamani kuwachapa wote watatu. Hakuna aliyetaka. Hakuna hata mmoja. Walimtoa mzee kwake kwa adabu, kila mtu shingo upande, akidhani ya mwenzake imenyooka.

Jumapili nikawakalisha kwenye kochi hilo hilo. Nikayasema mbele ya baba yote ambayo kila mmoja aliniambia, na sikupunguza kitu. Wakainamisha vichwa. Mogire akakohoa, akamgeukia mzee, akamuuliza yeye anaonaje.

"Vile mtaona," baba akasema.

"Leo hakuna mtaona," nikasema. "Hawa hawaoni kitu. Wewe unataka nini, Tata?"

Nilikuwa nimempazia sauti baba yangu, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya maishani. Akavua kofia, akaiweka juu ya goti.

"Siku ile nilingoja mmoja wenu aseme hapana," akasema. "Nikamtazama huyu, nikamtazama huyu. Kimya. Nikajua hamnitaki pale nyumbani. Mtu akishajua hivyo, aseme nini tena?"

Ogoti akafunika uso kwa mikono. Baba akatutazama kwa zamu, na kwa mara ya kwanza tangu mama afariki nikaliona lile jicho lake la soko la ng'ombe.

"Nataka choo changu," akasema.

Hakuna aliyecheka. Purity, ambaye miezi yote hiyo alikuwa hajamtazama mzee usoni, akainuka, akachukua funguo, akatuambia tushuke chini kidogo, sisi sote. Tukamwelewa. Tukatoka mmoja mmoja, naye akauvuta mlango polepole mpaka ukalia, ili mzee asikie kwamba umefungwa.

Tukasimama pale chini barabarani kama watu waliofukuzwa. Mogire akauliza sasa tufanyeje. Ogoti akafungua mdomo, nikaliona lile neno linakuja, nikamtolea macho.

"Sema unachotaka wewe," nikamwambia.

Akasema anataka baba arudi Nyaramba, alale katika nyumba yake mwenyewe leo leo. Purity alikuwa ameshaweka simu sikioni, anamtafuta mtu mwenye pikapu.