Goti la Mjane Garufalia

Kwa miezi tisa Garufalia alitibiwa goti ambalo halikuwa na ubaya wowote.

Kila Alhamisi daktari alipanda kutoka bondeni, akafungua chumba kimoja katika shule iliyokufa kwa kukosa watoto. Wagonjwa walikaa benchi moja kwenye korido, wanaume kwa wanawake, na mlango wa chumba ulikuwa umepinda. Ukikohoa ndani, walio nje wanakupa pole. Zamani mkunga Despo aliingia kwa mlango wa jikoni, akanywa kahawa yake, akauliza alichouliza, na habari ikabaki jikoni. Despo yuko makaburini, na hakuna aliyeurithi mlango ule.

"Leo nini tena, mama?" aliuliza Lambros, mchunga mbuzi.

"Goti."

"Goti hilo lingekuwa mbuzi ningeshalichinja!"

Benchi zima likacheka. Garufalia akaingia, akasema goti, akatoka na tyubu ya nne ya dawa ya kuchua.

Kilichomtesa ni muwasho wa ukeni, kwenye ngozi ya nje, ulioanza wiki chache baada ya kumzika mumewe, Thrasivulos. Aliwashwa akipika, aliwashwa akisimama kanisani mbele ya watakatifu. Akajiosha kwa siki. Akajisugua kwa sabuni ya kufulia. Akajipangusa kwa pombe ya zabibu, ambayo mlimani hutibu meno, vidonda na huzuni, akapiga yowe mpaka mbwa wa jirani wakajibu. Binti yake aliye mjini akamtumia dawa ya fangasi bila kuuliza mengi. Kila kitu kilizidisha moto. Na nyuma ya moto huo ilikaa hofu: shangazi yake alikufa kwa ugonjwa wa huko huko chini, ugonjwa ambao nyumba nzima ilikataa kuutaja.

Siku alipoona damu kwenye nguo, hakungoja tena. Alhamisi daktari, binti wa umri wa mjukuu wake, alikuwa tayari amenyoosha mkono kuchukua tyubu.

"Liache goti, mwanangu," Garufalia alinong'ona. "Ni chini. Panawasha, na kuna damu. Usipaze sauti, Lambros yuko nje."

Daktari akafungua bomba mpaka mwisho, maji yakapiga kelele kwenye sinki. Akampima. Kisha akauliza, "Bibi, chupi zako ni za rangi gani?"

"Mimi mjane."

"Najua. Nauliza chupi."

"Nyeusi. Zote."

Kesho yake baada ya maziko ya mumewe, kama desturi inavyotaka, alitia nguo zake zote katika sufuria kubwa uani: magauni, vitambaa vya kichwa, soksi, mpaka za ndani, maana mjane mweusi wa nje tu ni mwongo. Jirani yake Evanthia, mjane wa miaka mingi, alimsaidia kukoroga, na zake zilizopauka, za nje na za ndani, akazichovya humo humo. Zamani rangi ilitoka kwenye maganda ya jozi, nguo zikasuuzwa mtoni siku nzima. Sasa ni unga wa pakiti kutoka gari la mchuuzi, na mto ni mawe matupu. Walisuuza mara moja, kwenye beseni.

"Rangi inachujuka kwa jasho na kuunguza ngozi," alisema daktari. "Siki na pombe zimemalizia. Fangasi sioni. Damu ni ya kucha zako."

"Rangi ya jozi isingenidhuru."

"Hata ya jozi huwaunguza wengine. Vaa pamba nyeupe, osha kwa maji matupu, paka dawa hii wiki mbili. Lakini hapa ngozi imekuwa nyeupe na ngumu. Isipopona, utakwenda mjini wakate kipande kidogo, wakipime. Muwasho ukipita wiki moja, au ukiona kidonda, damu, uvimbe, ngozi nyeupe, njoo! Hasa kwa umri wako. Miezi tisa, bibi?"

"Mlango wako haufungiki."

Daktari akautazama mlango. "Nimeandika barua tatu juu yake," alisema.

Garufalia akabaki na nyeusi juu na nyeupe ndani. Jumamosi akazianika zile nyeupe uani.

"Shoga, nyeupe!" Evanthia alipaza sauti ukutani. "Bwana harusi nani? Marehemu hata mwaka hajatimiza!"

"Ni usingizi. Yeye hakoromi."

Alijibu hivyo, kisha akaingia ndani akalia kwa hasira. Lakini nguo hakuzianua.

Baada ya wiki mbili muwasho ulikuwa umetulia. Ile ngozi nyeupe haikuwa imepona. Alitoka kwa daktari na barua ya kwenda mjini mfukoni, na shangazi yake kichwani. Kwenye benchi akamkuta Evanthia, amekaa ukingoni, hatulii, mara paja hili, mara lile.

"Na wewe unaumwa nini?" Lambros alikuwa akimwuliza.

"Goti," alisema Evanthia.

Garufalia akasimama.

"Lambros, toka nje."

"Nitoke? Kuna mvua!"

"Mlango haufungiki. Tokeni wanaume wote."

Wakamtazama kama mtu aliyerukwa na akili. Akashika mwavuli kama fimbo. Wakatoka mmoja mmoja, wakinung'unika, na Evanthia akainuka bila kumtazama, akaingia.