Kapteni Tuliyemlilia Shelui

Mluzi ule nilikuwa sijausikia tangu nikiwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Nilikuwa uani nanawa mikono, maana mashudu ya alizeti yakishaingia kwenye kucha hayatoki kwa maji ya harakaharaka, ndipo nikausikia kutoka sebuleni: mluzi mrefu unapanda, unashuka, halafu ngoma nzito kama mtu anagonga debe tupu kwa mbali. Sijui nieleze vipi. Pua yangu ilijaa harufu ya petroli ya jenereta, jasho la watu na vitumbua vya moto, wakati nyumbani kwangu kuna umeme wa nguzo na jenereta sina.

Nikaingia ndani mikono inachuruzika. Binti yangu Neema, aliyekuja likizo kutoka Dodoma, alikuwa mbele ya runinga na vijana wa jirani. Vijana wakaniamkia, shikamoo, macho yao yako kwenye kioo. Mama yangu mzazi, ambaye ninakaa naye, alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kanga magotini.

"Baba njoo uone!" Neema akasema. "Wameirudisha ile tamthilia ya zamani ya vyombo vya angani. Kapteni mwenyewe anarudi. Dunia nzima inaangalia leo."

"Zima," nikamwambia.

Akacheka. Alidhani natania.

Niseme wazi kwenu mnaosoma: nilichefuka. Na nitawaeleza kwa nini, ila msitegemee maneno ya urembo. Nimesoma darasa la nne, basi. Mashine zangu za kukamua mafuta sikupewa na mtu, na habari hii pia sikuisoma popote.

Sisi ni Wanyiramba wa Shelui, pale malori yanaposimama yakitoka Singida kwenda Nzega. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na mtu anaitwa Salumu, mwenye hoteli ya chai na wali karibu na maegesho. Zamani alikuwa utingo wa malori ya mbali, akajifunza Kiingereza huko njiani, na siku moja akarudi na runinga na deki ya video vimefungwa ndani ya godoro. Kaseti zake zote zilikuwa za tamthilia moja. Kila siku ya gulio, mchana, aliziba madirisha kwa magunia, akawasha jenereta nyuma ya jiko, na sisi tukajazana humo kama kuku kwenye tenga. Joto lilikuwa la kupikia. Hakuna aliyetoka.

Salumu mwenyewe aliiita Meli ya Juu, na kila mara ilianza na mluzi ule. Ilikuwa habari ya watu wanaosafiri huko kwenye nyota, hawana kwao, wanahangaika na viumbe wenye magamba. Salumu alisimama pembeni ya kioo na fimbo akitutafsiria, nusu Kiswahili, nusu Kinyiramba. Kapteni alimwita Msengi, kwa sababu jina lake la kizungu, alisema, linavunja meno. Katika tafsiri yake kila ugomvi ulikuwa wa ng'ombe au wa kisima. Wale wenye magamba walikuwa wezi wa mifugo wa kupindukia. Nilikuwa mtu mzima ndipo nikajua kwamba kwenye meli ile hakukuwa na ng'ombe hata mmoja.

Mama aliuza vitumbua mlangoni kwa Salumu, kwa hiyo mimi na yeye tuliingia bure. Alisimama nyuma kabisa, beseni kichwani, kimya. Mama yangu wakati ule hakuwa mtu wa kucheka wala wa kulia. Alikuwa kama jiwe la kusagia, linafanya kazi na halisemi.

Sababu ilikuwa baba. Baba alipanda lori kwenda machimbo ya dhahabu, upande wa Nzega, akaahidi kurudi kabla ya mvua. Mvua ikaja, ikaenda, ikaja tena. Watu waliotoka huko walisema shimo liliporomoka na waliokuwa chini hawakufukuliwa. Lakini baba mkubwa, kaka yake baba, alikataa kusikia. "Bila maiti hakuna msiba," alisema. "Mdogo wangu yuko hai. Na kumlilia mtu aliye hai ni uchuro, ni kumwita mauti." Ikawa sheria ya nyumba. Ng'ombe wa baba wakakaa zizini kwake, akiwatunza, eti, mpaka mwenyewe arudi. Na mama akakaa mke wa mtu asiyeonekana. Kila jioni alipakua ugali wa uwele na mlenda kwenye sahani ya baba, akaufunika kwa ungo. Asubuhi niliula mimi, mgumu kama kisigino. Nilijivunia kazi hiyo. Nilidhani namshikia baba nafasi.

Basi ikafika siku ya kaseti ya mwisho. Meli ilikuwa inaungua. Kapteni Msengi alikuwa anawasukuma watu wake mmoja mmoja kwenye kimeli kidogo cha kuokokea, na mlango ule ulikuwa hauwezi kufungwa ila na mtu aliyebaki nje yake. Hata asiyejua Kiingereza aliona kitakachotokea. Akaufunga. Akaweka kiganja kwenye kioo cha mlango. Salumu akasema taratibu, fimbo imeshuka, "Anasema nendeni. Anasema mkafike nyumbani."

Hapo ndipo niliposikia sauti nyuma yangu. Sikujua ni ya nani. Beseni lilianguka, vitumbua vikatawanyika miguuni mwa watu, na mama yangu akapiga yowe la msiba, lile lenyewe, linaloanzia tumboni na mikono kichwani. "Amebaki! Jamani amebaki mwenyewe humo ndani!"

Salumu alimtazama. Akaweka fimbo chini, akatoka kwa mlango wa jikoni, na mara jenereta ikanyamaza. Kioo kikafa. Mwanga ukabaki ule unaopenya kwenye matundu ya magunia. Akarudi anafuta mikono.

"Petroli imeisha," alisema. "Na hadithi imeishia hapo. Kapteni amekufa. Poleni sana."

Wanawake wengine walishaanza. Yowe la msiba linaambukiza, anayelijua anajua. Madereva wa malori wakavua kofia. Dereva mmoja, mgeni, akacheka, "Nyie watu! Hiyo si picha tu? Huyo mzungu keshalipwa, yuko kwake anakula nyama!"

Bibi mmoja muuza karanga akamgeukia. "Toka. Nenda ukachekee kwenye lori lako."

Akatoka kweli.

Wanawake wakamshika mama mikono kumpeleka nyumbani, mimi nyuma na beseni tupu. Kufika, wakatandika mikeka uani wakakaa. Mmoja akawasha moto, mwingine akaja na unga. Nikawauliza tunamlilia nani. Yule bibi wa karanga akaniambia, uso mkavu, "Kapteni. Hukumwona?"

Kesho yake baba mkubwa akaja na hasira zake.

"Mama Elia! Nasikia umeweka matanga. Nilikukataza!"

"Ulinikataza kumlilia mdogo wako, shemeji," mama akamjibu kutoka mkekani, hakuinuka. "Sijamlilia. Namlilia kapteni."

"Mzungu wa kwenye kioo?"

"Huyo. Nimemwona kwa macho yangu anabaki. Au na yeye yuko hai? Una habari zake?"

Wanawake wakainamisha vichwa. Baadhi walikuwa wanacheka ndani ya kanga, wengine wanalia, na wengine vyote kwa pamoja. Baba mkubwa angesema nini? Kwamba kapteni hajafa? Angekuwa kichekesho cha gulio. Akatema mate, akaondoka.

Matanga yakakaa siku zake kama ya mtu. Siku ya kuvunja, mama alinyolewa nywele, akaoga, akaingia ndani akatoka na koti la baba. Akampa Salumu. Jioni akapakua ugali sahani mbili, yangu na yake.

Nilikataa kula. Niliona kinyaa, na wala sisemi neno hilo kwa mchezo. Mama aliyenyamaza miezi yote ile asimlilie mume wake, leo kanyoa kichwa kwa ajili ya mtu wa kaseti! Nikamuuliza, "Na baba je?"

"Kula ugali wako, Elia."

Nikatoka, nikaenda kukaa barabarani. Nilitazama kila lori lililotoka upande wa Nzega, nikisubiri nani ataruka kutoka nyuma. Nilifanya hivyo jioni nyingi. Mama hakunikataza. Alikuja tu giza likiingia, akaniita jina, akanishika mkono.

Hiyo ndiyo Shelui yangu. Sasa rudini sebuleni kwangu mwone uchafu huu.

Kabla ya kuanza hiyo mpya, walionyesha vipande vya ile ya zamani kuwakumbusha watu. Nikaiona meli inaungua. Nikauona mlango, na kiganja kwenye kioo. Nikangoja kiishie hapo. Hakikuishia. Moshi ukapungua, taa moja ndogo ikaendelea kuwaka gizani, na sauti ya kapteni ikasema kitu.

"Amesema nini?" nikamuuliza Neema.

"Amesema, 'Bado nipo.' Baba, hujui? Hakufa! Ndiyo maana watu wamemsubiri miaka yote hii, wanaandika barua irudishwe."

Nikakaa chini pale pale mlangoni.

Salumu alikuwa akiziangalia kaseti zake peke yake kwanza kabla ya kutuonyesha, ili ajue atakavyotafsiri. Alijua neno hilo linakuja. Alimwona mama, akaenda kuzima jenereta. Na wale wanawake, hakuna aliyekuwa mjinga, hakuna aliyedhani wanamlilia mzungu. Walijua msiba ni wa nani, wakaja na unga na kuni wakamlilia baba yangu mbele ya pua ya kaka yake. Aliyekuwa hajui uani pale nilikuwa mimi. Nilimwona mama kasahau mume, kumbe ndiyo siku alipomzika.

Kumbe dunia nzima imekaa inamsubiri mtu huyu, Shelui peke yetu ndio tulishamzika.

Neema alikuwa anasoma simu kwa sauti. Mmoja ameandika amelia mpaka mkewe ameamka. Mwingine anasema amepiga magoti mbele ya runinga. Mwingine amekasirika: sare si ile, kapteni amenenepa, wenye magamba siku hizi ni wazuri mno. Mwingine anadai wamrudishe na yule tabibu wa meli, na yeye afufuliwe, maana walishaonja utamu. Watu wazima! Wana ndevu, wana watoto, wanagombania maiti kama bei ya kuku. Nimewahi kuona fisi akifukua kaburi la jana, sikuona tofauti. Mtu alibaki ndani ya moto ili wenzake wafike nyumbani. Hilo lilikuwa tendo lake. Mkimrudisha mzima, ananyoosha suti, mmemfanya nini? Mmemfanya tapeli. Na waliomlilia mmewafanya wapumbavu.

"Bibi!" Neema akamshika mama goti. "Yule kapteni wenu wa Shelui, unamkumbuka? Anarudi!"

Nikataka kumpiga kofi binti yangu, mwanamke mzima. Mama ana moyo mbovu. Nilichoogopa ni hicho tu: kwamba mzigo alioutua uani mbele ya baba mkubwa, hawa wapuuzi wanakuja kumtwisha tena kichwani, na nywele zenyewe hana.

Mama akainama mbele, akakaza macho.

"Anarudi kwa nani?" akauliza.

"Kwa... kwa watu wake, Bibi."

"Watu wake walishamlilia. Walishakula, wakaondoka." Akaegemea kiti. "Mpunguzie sauti huyo."

Vijana wa jirani wakacheka. Neema hakucheka, akaipunguza.

Na hapo mlango wa kwenye kioo ukafunguka, mwanga mweupe, moshi, na mtu mwenye mvi akasimama katikati. Vijana wakaruka juu wakipiga kelele. Mimi nikageuza shingo. Sikuagiza shingo igeuke. Nilitazama mlango wetu wa mbele, ule wa kuelekea barabarani, ulikuwa wazi na pazia linapepea. Mzee mwenye wajukuu na mashine mbili, natazama mlango kama mtoto anayesikia lori linapunguza mwendo.

Hapakuwa na mtu. Kuku tu.

Nilipogeuka, mama hakuwa anaangalia runinga. Alikuwa ananiangalia mimi, na nafikiri alikuwa ananiangalia tangu niseme zima.

"Elia," alisema, kwa sauti ile ile ya barabarani, giza linapoingia. "Na wewe maliza matanga, mwanangu."