Jina Kabla ya Siku ya Nane

Gari lile lilinuka dizeli na maziwa ya mama. Hadi leo nikipita karibu na gereji yoyote hapa Gisenyi, harufu hiyo hunirudisha Rugerero, ndani ya gari la kitalii lenye vitanda viwili, meza ya kukunja na sinki lisilotoa maji. Tuliishi humo msimu mzima wa mvua. Nilikuwa na miaka tisa. Matetemeko yalikuwa yamepasua nyumba yetu, na gari hilo, ambalo gia zake zilikuwa zimekufa, mwenye gari alikuwa amemwachia baba alilinde hadi vipuri vipatikane. Magodoro na blanketi aliondoka nazo. Alituachia bati. Watu huniambia lazima ilikuwa raha, kuishi kama watalii. Nawajibu: jaribu kujifungulia humo.

Mama alijifungulia humo, mtoto wa kiume, na siku ya sita ikaanguka mvua ya mawe. Si ile ya dakika tano, ambayo watoto huokota punje na kuzitafuna. Ilianza baada ya chakula cha mchana, ikapiga bati mpaka tukawa tunaelewana kwa mikono. Dirisha la juu, la plastiki, likapasuka na barafu ikamwagika kitandani. Ilipotulia kidogo nilichungulia nje: shamba la viazi limefunikwa, migomba imechanikachanika, njia haionekani, kila kitu cheupe. Theluji nilikuwa nimeiona kwenye kalenda tu. Ndani hatukuwa na nguo hata moja kavu. Mtoto alikuwa ameacha kulia, na hilo ndilo lililomtisha mama. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

Hatua ishirini kutoka kwetu, jirani yetu Mama Zuhura, fundi cherehani, alisimama mlangoni kwake, jiko la mkaa likiwaka nyuma yake.

"Baba Keza, leta huyo mutoto huku. Moto iko."

Baba aliushika mlango wa gari kwa mikono miwili. Si kuufungua. Kuuzuia. Kwetu mtoto mchanga hatolewi ndani hadi siku ya nane, siku ambayo watoto wa majirani huitwa, hulishwa, kila mmoja akamtajia jina, kisha wazazi wakachagua lao. Bibi alikuwa njiani kuja kwa ajili ya siku hiyo. Tena mdogo wangu wa kwanza alitolewa siku ya tatu, akafa kabla ya wiki kwisha, na baba hakutaka kusikia sababu nyingine yoyote ya kifo kile. Najua alikuwa anaogopa. Sote tulikuwa tunaogopa, lakini ni yeye peke yake aliyekuwa mlangoni.

"Hatoki bila jina," alisema. "Zimebaki siku mbili tu."

"Hana siku mbili," mama akasema, kisha akanigeukia. "Keza, we si mtoto? Mtajie mdogo wako jina."

Kichwa changu kikawa kitupu kama sufuria. Majina yote mazuri niliyowahi kusikia yalikimbia. Jina lililokuja ni la mvulana wa darasani kwetu aliyekuwa akininyang'anya kalamu.

"Eriki," nikasema.

Mama akaokota punje ya barafu kitandani, akanitia mdomoni. Iliniunguza ulimi.

"Mtoto amekula, na jina ametaja. Huyu ni Eriki. Sogea, Baba Keza."

Baba hakusogea. Mama akamng'ata mkono.

Alimng'ata hadi mlango ukafunguka, akavuka uwanja ule mweupe bila viatu, mimi nyuma yake. Mama Zuhura akamvua mtoto nguo zote, akamweka tumboni kwake ndani ya kanga, akakaa naye karibu na moto. Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha ndipo Eriki alipolia. Mama akakaa chini sakafuni.

Sasa Eriki ni mrefu kuliko baba, anaendesha moto, yaani pikipiki, anabeba abiria kwenda mpakani, Grande Barrière. Baba huisimulia hadithi hiyo kwenye kila sherehe: tuliishi kwenye gari la watalii, mtoto akapewa jina kwa barafu. Watu hucheka. Habari ya mlango huiruka.

Mwezi uliopita nilijifungua binti. Nina nyumba ya matofali, blanketi tatu, na siku ya tatu nilikuwa nimeketi naye nje juani, Eriki na majirani wakipokezana kumpakata. Baba akafika, akasimama getini, akauliza nani amempa jina. Nikamwambia ni mimi, kabla hata kitovu hakijakatwa. Akacheka kidogo, akawageukia majirani, akaanza: gari la watalii, barafu.

"Baba," nikasema, "waonyeshe mkono."

Akauingiza mfukoni.

Eriki, aliyekuwa amempakata mwanangu, akauliza mkono gani.