Aliyesugua Mabawa ya Malaika

Mpaka leo sijui ni nani aliyeamua jina la yule mama lisiandikwe. Katika jumba la zamani la gavana, Kisumu, tulikwenda kuona maonyesho ya malaika wa mawe wa mchongaji mmoja marehemu. Mjane wake, kutoka Katito, alinyoosha mkono kugusa bawa.

“Mama, usiguse!” mlinzi akafoka.

“Bwana, hili bawa nimesugua mimi na msasa, wiki tatu mikono kwa maji. Mbona mmeandika mzee peke yake?”

Msimamizi wa maonyesho akatazama saa. “Karatasi za vibao vya majina zilishachapishwa, Mama.”

Mimi si mwepesi wa hasira, lakini hapo nilipaza sauti. Eti karatasi imekuwa ngumu kuliko jiwe! Wageni tukadai jina la mama liongezwe. Msimamizi hakusogea. Mlinzi alichomoa kalamu, akamwuliza mama jina, akaliandika kwenye kila kibao.