Fingo la Goli la Ngombezi

Nilipokuwa mtoto, enzi za Mdachi, nilikaa na baba na bibi kwenye kambi ya wafanyakazi wa mkonge, Ngombezi. Mama alikuwa amerudi kwetu Handeni kujifungua. Watoto wawili kabla ya huyo walikufa siku ile ile ya kuzaliwa, na safari hii alituma neno: anaogopa, baba aje. Msimamizi Mdachi akakataa kumpa ruhusa. Ila alisema tukiwafunga mpira vijana wa shamba la Kwashemshi, timu yetu nzima itapewa ruhusa kwenda makwao.

Baba ndiye alikuwa golikipa. Na bibi, mama yake baba, hakuwa mtu wa kukaa akitazama. Kwetu Uziguani alifukia fingo, dawa yake, penye njia ya kuingilia shambani, na nguruwe hawakugusa mahindi. Basi asubuhi ya mechi akampeleka baba uwanjani, akamwamuru afukie fingo jingine kwa mkono wake mwenyewe katikati ya nguzo za goli.

"Hapa hakipiti kitu," akasema.

Na kweli hakikupita. Mpira wa Kwashemshi uligonga nguzo, ukapaa juu, ukampiga baba usoni. Bibi alipiga vigelegele peke yake. Lakini nasi hatukufunga. Mara mwamuzi, mwalimu mmoja wa misheni, akapuliza filimbi, akasema tubadilishane magoli.

Lo! Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba mpira una mambo hayo. Fingo letu sasa linawalinda wao! Na fingo halifukuliwi mbele za watu, linakufa. Baba alimtazama bibi, machozi yakimlengalenga.

Kipindi cha pili kikaanza. Kilipokaribia kwisha bibi akainuka, akapaza sauti uwanja mzima ukasikia.

"Wewe! Nani alilifukia? Fingo halimzuii mwenye shamba! Nenda mwenyewe!"

Baba akaacha goli lake wazi. Akakimbia na mpira mguuni, na vijana wa Kwashemshi, badala ya kumkaba, wakamgeukia mwamuzi: "Mwalimu, golikipa anaruhusiwa?" Mwalimu alikuwa hoi kwa kicheko. Baba akaingia golini na mpira wake, akaanguka nao pale pale alipofukia asubuhi.

Tulikwenda Handeni kwa miguu, bibi akijisifu njia nzima.

Watu huniuliza kama naamini fingo. Sijui, jamani. Ninachojua ni kwamba baba yangu, mtu aliyeomba ruhusa hata ya kunywa maji, siku ile aliondoka mahali alipowekwa bila kumuuliza mtu. Nilimwonea fahari mpaka nikalia, na bado namwonea.

Mdogo wangu alizaliwa baba akiwa amekaa nje ya mlango. Tukasubiri. Kisha tukamsikia mtoto analia, na baba akainuka, akaingia ndani bila kubisha hodi.