Mgomba Nilioufukia Uwanja wa Urafiki

Uvumilivu wangu uliisha siku mwanangu Shija alipotumbukia kwenye shimo la Uwanja wa Urafiki, hapa Tabora. Uwanja huo ni heshima kwa mji rafiki wa huko Ulaya. Shimo watu wa ofisi ya mtaa walilichimba wakaliacha wazi bila hata kamba. Nilimtoa mtoto anavuja damu kichwani.

Mama mkwe wangu, mzaliwa wa kijiji cha Kwihara, alilichungulia akasema, "Mwanangu, shimo kama hili likikosa maiti huita maiti. Zika mgomba humo, ulifukie."

Sikubisha. Alfajiri niliburuta shina la mgomba, nikalizika, nikashindilia udongo kwa hasira.

Sijanawa hata miguu, wageni kutoka mji rafiki wakafika na mche mkononi. Kumbe shimo lilikuwa la mti wa urafiki! Wakaanza kufukua, jembe likagota kwenye mgomba. Wazee waliokuwepo wakavua kofia, maana wanajua mgomba huzikwa badala ya marehemu ambaye maiti yake haikupatikana. Mgeni mmoja akauliza kama hiyo ndiyo mila yetu ya kupanda miti.

Mwenyekiti wa mtaa akafoka, "Nani kauzika urafiki wetu?"

"Shikamoo Mwenyekiti. Ni mimi."

Hata marahaba hakuitika, akageuka kwenda ofisini kwake. Nilitamani ardhi inimeze, lakini nilimfuata mpaka huko, nikaandikisha malalamiko: "Mtoto wangu ameshonwa kichwa kwa sababu ya shimo mliloliacha wazi. Mgomba ni wangu, nitauondoa. Shimo ni lenu. Lizungushieni uzio kabla halijapata mtoto mwingine."